Kuvuta Tela Zito Hadi Ukingo wa Ngorongoro

Ukitoka Arusha ukaiacha barabara ya Dodoma pale Makuyuni, unaingia kwenye njia isiyo na huruma na gari lenye mzigo nyuma. Mto wa Mbu upo chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Karatu ipo kwenye mita 1,500 hivi, na ukingo wa kreta unapita mita 2,200. Kimo chote hicho unakipanda ndani ya kilomita zisizofika 60, na siku ya kurudi unakishuka chote. Wengi wanaotaka kuvuta tela huku huuliza kama gari litaweza kupanda. Gari likishindwa kupanda litachemsha, litasimama, dereva atakasirika, basi. Likishindwa kushuka, halisimami.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye pikapu na tela la kambi: dereva wa kampuni ya utalii anayebeba mahema, jiko na chakula cha wageni, familia iliyonunua tela la kulala ndani, au msafiri aliyevuka Namanga na nyumba yake mgongoni. Magari yenu hayafanani, ila hatari zenu zinafanana, na nyingi zinatengenezwa uani Arusha wakati wa kupakia, kabla ufunguo haujazungushwa.

Anza na mizani

Kila gari lina uzito ambao kiwanda kimeliruhusu kuvuta, nao umeandikwa kwenye kitabu chake. Land Cruiser ya mkonga, ile pikapu ya 79, imeruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500 ikiwa tela lina breki zake lenyewe. Hilux za karibuni zenye dizeli ya lita 2.8 nyingi zimefika hapo hapo. Za zamani ziko chini zaidi. Watu hupenda kuishia kwenye namba hiyo. Soma na mstari unaofuata: kwa tela lisilo na breki, kiwango kinaporomoka hadi kilo 750.

Namba hiyo ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi sisi. Matela mengi yaliyochomelewa kwenye karakana zetu hayana breki hata moja. Fundi amechukua ekseli ya gari la zamani, akaweka springi, akajenga bodi imara na kuipaka rangi ya kupendeza. Kosa lake si uchomeleaji, maana mara nyingi kazi yake ni safi. Ni kwamba hakuna aliyemwambia tela litakwenda wapi. Likiwa tupu lina kilo 400 au 500. Weka mahema ya turubai, vitanda, jenereta, meza na viti, na umeshapita 750 kabla mpishi hajaleta masufuria yake.

Maji ndiyo yanayowadanganya wengi, kwa sababu hakuna anayeyahesabu kama mzigo. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 200 ni kilo 200. Nenda na tangi tupu hadi Karatu, ujaze huko. Tangi liwe limejaa au tupu. Likiwa nusu, maji yanakimbia huku na huku kwenye kila kona na kulisukuma tela upande usioutaka. Mtungi wa gesi nao: ukiambiwa ni wa kilo 15, hiyo ni gesi peke yake, chuma hakijahesabiwa.

Tafuta mizani ya magari ulipime tela likiwa limepakiwa kama litakavyosafiri. Kisha pima ulimi, yaani uzito ambao mkono wa tela unaukandamiza kwenye gari. Wanunuzi wa nafaka wa Karatu wana mizani ya sakafu ya kupimia magunia ya mahindi na mbaazi. Mwombe mmoja kwa heshima na hatakunyima. Simamisha kipande imara cha mti juu ya mizani, weka mkono wa tela juu yake, tela likiwa limelala sawa na magurudumu yake yamewekewa mawe. Lenga asilimia 10 ya uzito wa tela zima, au zaidi kidogo. Tela la kilo 1,800 liwe na ulimi wa kilo 180 hivi, mradi chuma cha kuvutia kimeruhusiwa kubeba uzito huo. Na kilo hizo 180 zinabebwa na pikapu, kwa hiyo zitoe kwenye mzigo wake pamoja na abiria na madumu ya dizeli.

Ulimi ukiwa mwepesi, tela litayumba. Ni hivyo tu. Na huwa mwepesi kwa sababu moja kubwa: wapakiaji huweka vitu vizito nyuma karibu na mlango ili wavitoe kwanza wakifika kambini. Kataa hata wakinuna. Jenereta, maji na makreti ya soda yakae chini, juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Magodoro na mahema ya wavu yanaweza kukaa popote. Juu ya paa weka kitu chepesi au usiweke kitu.

Kuna jambo la sheria pia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inalitaka gari lenye uzito wa jumla wa kilo 3,500 au zaidi lipite kwenye mizani. Pikapu iliyojaa ikiwa na tela inafika hapo kwa urahisi, kwa hiyo usizipite mizani za TANROADS kana kwamba hazikuhusu. Tela liwe na namba yake ya usajili na bima inayolitaja. Pembetatu mbili za kuakisi na kizimamoto viwe ndani ya gari, maana trafiki wa njia hii wanajua kuviulizia.

Kiungo, breki na magurudumu

Tufe la chuma la kuvutia linalotumika zaidi kwetu ni la milimita 50. Kuna na makubwa na madogo kidogo yanayofanana nalo kwa macho, na kikombe cha tela kikiwa kikubwa kuliko tufe kitakaa vizuri hadi shimo la kwanza la maana. Hakikisha saizi zinalingana. Ukishafunga, usiridhike na mlio wa komeo. Weka jeki chini ya mkono wa tela na uinue: nyuma ya gari ikipanda pamoja nao, mmeungana. Mkono ukichomoka peke yake, umejiokoa.

Minyororo ya usalama ni miwili, na inapita kwa kupishana chini ya kiungo, ili kiungo kikiachia mkono uangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami. Iache na ulegevu wa kutosha kukata kona, lakini isiburuzike. Kama tela lina waya wa dharura wa kufunga breki likichomoka, ufunge kwenye mwili wa gari, usiufunge kwenye tufe lile lile linaloweza kung'oka.

Breki za tela utakazokutana nazo zaidi ni za aina mbili. Za kwanza ni za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela linalisukuma, mkono unajikunja na kuvuta breki za magurudumu. Za pili ni za umeme, na dereva anakuwa na kidude cha kuziongoza karibu na usukani. Za umeme ni bora kwa milima ya huku, kwa sababu unaweza kulibana tela peke yake kwa mkono bila kugusa breki za gari. Za kusukumwa ni rahisi na fundi yeyote anazielewa, ila zina ubaya mmoja: kwenye mteremko mrefu tela linasukuma muda wote, kwa hiyo breki zake hazipumziki hata ukiwa kwenye gia nzito. Lazima uzipumzishe wewe kwa kusimama.

Magurudumu ya tela yawe sawa na ya gari, saizi ile ile na matundu ya nati yale yale, ili spea moja iyatosheleze yote. Upana kati ya matairi nao ulingane na wa gari, tela lipite kwenye alama zile zile kwenye tope. Tela hukaa sana bila kazi, na tairi zake huzeeka zikiwa na meno mazima. Angalia namba nne ubavuni. Zikisomeka 2316, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, na hiyo si tairi ya kupandia Ngorongoro. Beba seti ya beringi za habu na grisi. Nati kaza Arusha, kaza tena Makuyuni, kilomita 80 baadaye. Utashangaa ni ngapi zitakubali kuzunguka.

Njiani

Kutoka Makuyuni hadi Mto wa Mbu barabara imenyooka, na hapo ndipo mwendo unapomponza mtu. Lami hii ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani, na unyoofu wake unakualika ukimbie. Tela zito lisivutwe kwa zaidi ya kilomita 80 kwa saa, na upepo ukivuma kutoka ubavuni punguza zaidi. Tela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na uache mwendo ushuke wenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu, usijaribu kulifukuza kwa usukani, na usiongeze mwendo eti ulinyooshe. Mwenye breki za umeme azibane za tela tu. Ukishasimama, fungua mlango wa nyuma. Jibu mara nyingi limo humo ndani.

Mto wa Mbu kuna rasta, matuta, bajaji, baiskeli zenye mikungu ya ndizi na watoto wanaovuka. Kumbuka kwamba gari likishavuka tuta, tela bado. Ukikata kona liachie nafasi, kwa sababu tela hukata kwa ndani zaidi kuliko gari.

Baada ya mji unaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa, ule wa Manyara. Punguza kwanza matumaini: kama injini yako ni 1HZ, dizeli ya Land Cruiser isiyo na turbo, inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na ukingoni itakuwa imepungukiwa zaidi ya moja ya tano. Injini yenye turbo inaumia kidogo tu. Ingia kwenye gia ya chini mapema, zima kiyoyozi, na uangalie saa ya joto kuliko unavyoangalia nyani. Sindano ikipanda, tafuta mahali pana pa kuegesha, acha injini iungurume taratibu bila gia, na usiguse kifuniko cha rejeta. Huku juu maji huchemka kabla ya nyuzi 100, na kinachoyazuia yasichemke mapema ni mgandamizo unaoshikwa na kifuniko hicho. Kifuniko kilicholegea ni kitu kidogo cha kubadilisha Arusha na usumbufu mkubwa ukiwa kwenye kona za Manyara. Magari yakipangana nyuma yako, yapishe panaporuhusu. Dereva wa basi aliyechoka kukusubiri atapita kwenye kona.

Kutoka juu ya ukuta hadi Karatu kuna vilima vya Rhotia, vizuri kwa macho, vyenye mabonde yanayoshuka ghafla. Tarehe 6 Mei 2017, asubuhi ya mvua, basi dogo lililowabeba wanafunzi wa shule ya msingi ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni eneo la Marera, Rhotia. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Halikuwa na tela. Nakutajia kwa sababu ni lami hiyo hiyo, na majira ya masika yanarudi kila mwaka.

Liache Karatu ukiweza

Huu ndio ushauri ambao wengi hawapendi kuusikia. Kama safari yako ni ya kuona kreta na kurudi, tela lilale Karatu. Mji una kambi na nyumba za wageni nyingi zenye uwanja wenye uzio, na mlinzi wa usiku. Geti la Lodoare, la kuingilia hifadhi, halipo mbali, na linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Ukitoka Karatu alfajiri na gari jepesi, utakuwa umeingia kreta wakati mwenye tela bado anatafuta pa kulisimamisha. Ndani ya hifadhi ada ya gari hupangwa kwa uzito wake likiwa tupu na mahali liliposajiliwa, kwa hiyo ulizia kabla hujafika getini. Malipo huko si ya pesa taslimu.

Kama lazima lipande, kwa mfano wageni watalala kambi ya Simba kwenye ukingo au unaelekea Serengeti, basi ujue unachokiendea. Baada ya geti njia inapanda ndani ya msitu, kona juu ya kona. Udongo ni mwekundu, na ukilowa unateleza kama sabuni. Asubuhi ukungu unaweza kuwa mzito hadi huoni boneti yako. Washa taa za chini, si za juu, na usifuate taa za gari la mbele kwa karibu. Nyati hawana habari na taa zako. Mabasi ya Loliondo na Musoma na malori yanapita humo humo, na mkikutana pembamba mmoja atarudi nyuma. Jifunze kurudisha tela nyuma kabla ya siku hiyo, kwenye uwanja mtupu. Shika usukani kwa chini: mkono ukienda kushoto, nyuma ya tela inakwenda kushoto. Nenda polepole, tanboi awe chini mahali unapomwona kwenye kioo, na kama humwoni simama. Breki za kusukumwa nyingine zinahitaji kufungiwa komeo lake kwanza, la sivyo tela linajibana lenyewe ukirudi nyuma.

Kambini, weka mawe au magogo kwenye magurudumu ya tela kabla hujagusa komeo la kiungo. Sehemu ya Simba ina mwinuko, na tela lililofunguliwa bila mawe linajichagulia kambi yake. Chakula kifungiwe. Tembo huja kunywa kwenye tangi la maji la kambi, na hakuna haja ya kuwapa sababu ya kukagua na tela.

Kreta yenyewe ni ya magari ya kuvuta kwa magurudumu manne. Unashuka Seneto, unapanda Lerai, na kila njia kati ya hizo ni ya upande mmoja. Ya Sopa, mashariki, ndiyo ya kwenda na kurudi. Kutoka ukingoni hadi chini ni mita 600 hivi. Tela halina kazi huko, libaki juu.

Wa Serengeti, mkishaanza kushuka kuelekea tambarare mtakutana na barabara yenye vijituta vidogo vidogo vinavyotikisa hadi meno. Huko ndiko springi na mabano ya tela hukatika. Punguza upepo wa tairi kidogo, nenda kilomita 30 au 40 kwa saa, na simama mara kwa mara kugusa: nati, minyororo, waya za taa, habu.

Kushuka

Siku ya kurudi watu wamechoka, chakula kimeisha, tela ni jepesi kidogo na kila mtu anataka kufika Arusha. Lakini mpangilio wa mzigo nao umebadilika, kwa sababu vilivyoliwa vilikuwa mbele na vilivyobaki vimerushwa nyuma. Pakia upya kabla hujaondoka. Mwaga maji.

Kabla ya kila mteremko mrefu, ule wa kutoka ukingoni hadi Lodoare na ule wa kutoka juu ya ukuta wa Manyara hadi Mto wa Mbu, chagua gia ukiwa bado juu. Gia uliyohitaji kupandia ndiyo ya kushukia, au moja chini yake. Ukishaanza kuchukuliwa na mwendo, kubadilisha gia ni kamari, kwa kuwa kwa sekunde hiyo moja ya klachi hakuna kinachokushika isipokuwa breki. Usiweke nyutro kubana mafuta. Injini ya dizeli ya kisasa ikiwa kwenye gia na mguu haupo kwenye mafuta haichomi mafuta mteremkoni hata hivyo. Na usifunge magurudumu manne kwenye lami kavu ili upate gia nzito ya ziada: kwenye kona, mbele na nyuma zinavutana na kitu kitakatika.

Breki zikanyagwe kwa nguvu na kwa muda mfupi, mwendo ushuke, kisha ziachwe zipoe. Dereva anayeziminya kidogo kidogo njia nzima anazipika. Ukisikia harufu ya kuungua, au kanyagio likianza kwenda chini zaidi ya kawaida, simama mahali salama papo hapo na usubiri, nusu saa au zaidi. Usimwagie maji habu za moto. Pale juu ya ukuta kuna mahali pa kutazamia Ziwa Manyara ambapo kila gari la watalii husimama. Nawe simama, peleka mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu la tela bila kuligusa. Moja likiwa na joto kuliko mengine, ni breki inayoshika au beringi inayokufa, na hujaanza bado kona za chini.

Kama mizani ilisoma zaidi ya kilo 750 na tela halina breki, usilipandishe kabisa. Shusha vitu Karatu, kodi Canter ivipeleke juu, na tela likasubiri fundi wa kulifunga ekseli yenye breki. Dereva aliyeajiriwa mara nyingi hana sauti ya kusema hivyo saa kumi na moja alfajiri wageni wakiwa wameshaamka. Kwa hiyo wewe mwenye kampuni, usimkabidhi ufunguo wa gari lenye tela ambalo hujaliona mwenyewe likipimwa, na akikupigia simu kutoka juu ya Manyara kwamba anapumzisha breki, mwambie akae hadi zipoe.